Bibi Alisema Huyo ni Jini: Anime Tunazotazama Nyumbani Kwetu Castle Vale

Kijana wangu ana miaka tisa. Sikumbuki siku aliyoacha kunijibu kwa Kiswahili, kwa sababu haikuwa siku moja. Niliita "njoo ule," akajibu kwa Kiingereza kwamba anakuja, akaja, chakula kikaliwa. Ikaenda hivyo mwaka mzima. Kilichonishtua ni simu. Bibi yake akipiga kutoka Tanga, mtoto anasema "shikamoo bibi" haraka haraka, halafu ananirudishia simu kana kwamba inamuunguza mkono.

Kilichomrudisha ni katuni za Kijapani. Najua inavyosikika. Mama mmoja ninayesali naye aliniambia anime zote ni mapepo na kwamba muuguzi mzima nilipaswa kuwa na akili zaidi. Simlaumu. Ukianza na zile mbaya utazima televisheni na kuomba maji ya baraka. Lakini nzuri zipo, na katika misimu hii ya karibuni zimekuwa nzuri kweli. Ndizo nataka kuwaelekeza wazazi wenzangu, pamoja na ninyi wanafunzi mnaokaa peke yenu katika vyumba vya kupanga.

Kwa asiyejua: Japani hutoa anime kwa misimu minne ya mwaka, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ile ya Oktoba tunaiita ya vuli, ingawa vuli yao ni ya majani kuanguka na yetu ni ya mvua. Kila wiki hutoka sehemu moja ya dakika kama 24, na nyingi huwa na sehemu 12 au 13 kwa msimu. Kwa mtu wa zamu za usiku hiyo ni dawa. Sinema ya saa mbili siiwezi, nitasinzia kabla jambazi hajaonekana. Dakika 24 naziweza.

Sasa jinsi tunavyotazama, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kilipoingia. Kama ulikulia Tanzania miaka ya 1990 na 2000 unakumbuka vibanda vya video: benchi za mbao, joto, na sauti ya Lufufu ikisimulia filamu ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiswahili, akiongeza utani wake ambao kwenye filamu haukuwamo kabisa. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana ma-VJ. Binti yangu ana miaka mitano na maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya kioo yanamshinda mwendo. Nikaacha sauti ya Kijapani, nikawa nayasoma maandishi na kumsimulia kwa Kiswahili. Nikawa Lufufu wa Castle Vale.

Jioni ya tatu au ya nne nilikuwa nimechoka, nikaruka maneno mawili matatu. Kijana, ambaye alikuwa amejilaza upande wa pili akijifanya hana habari nasi, akainuka: "Mama, hakusema hivyo!" Kwa Kiswahili. Nilinyamaza nikatazama mbele, nisije nikaiharibu.

Tangu hapo yeye ndiye msahihishaji. Kijapani chenyewe kinamchekesha, maana silabi zake huishia kwa irabu kama zetu na maneno yanagongana. Wahusika vijana wakishangaa husema "maji," yaani kweli, bila utani; basi kwetu kila mara mtu akisema hivyo, binti anakimbilia jikoni kuleta glasi. Kuna pia jina la Kijapani la dubu, ambalo sitaliandika kwenye jarida la familia. Wenye anime mnalijua. Likitokea, Lufufu hupatwa na kikohozi.

Ya kwanza ninayoipendekeza, na kama una nafasi ya moja tu tazama hii, ni Frieren: Beyond Journey's End. Ilianza Septemba 2023, ikaenda hadi Machi 2024 kwa sehemu 28, na msimu wa pili ulianza Januari 2026. Imetengenezwa na studio ya Madhouse. Hadithi inaanza pale hadithi nyingine zinapoishia: mashujaa wanne wamemshinda mfalme wa mashetani baada ya safari ya miaka kumi, wanarudi mjini wanashangiliwa. Mmoja wao, Frieren, ni mchawi mwenye masikio marefu ambaye ameishi zaidi ya miaka elfu moja. Kwake miaka kumi ni kama wikendi. Anawaaga wenzake, anazurura zake miaka hamsini, na akirudi anamkuta kiongozi wao, Himmel, amekuwa mzee mfupi mwenye upara. Muda mfupi baadaye Himmel anafariki. Kwenye mazishi Frieren anasimama bila chozi, watu wananong'ona, na ghafla analia, kwa sababu ametambua kwamba alisafiri na mtu huyo miaka kumi na hakujishughulisha kumjua.

Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wangu wa pili huku, nikisoma shahada juu ya stashahada niliyokuja nayo. Nilizika kwa WhatsApp, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, na kesho yake nilikuwa na mtihani. Nilimjua baba miaka 27. Sikuwahi kumuuliza kwa nini aliacha kazi ya reli. Niliitazama sehemu ile ya kwanza ya Frieren saa nne asubuhi, nimetoka zamu, bado nimevaa soksi za kazini, na nililia kilio ambacho nilikuwa nakidaiwa kwa miaka.

Haibaki kwenye huzuni, msiogope. Frieren anaanza safari mpya na binti yatima aitwaye Fern na kijana mwoga mwenye nguvu aitwaye Stark, wakipita njia zilezile za zamani, na kila kijiji kinamkumbusha jambo ambalo Himmel alilifanya kwa ajili yake yeye asilione. Njiani anakusanya uchawi usio na faida, kwa mfano wa kugeuza zabibu tamu kuwa chachu. Mapigano yapo na damu ipo kidogo. Wangu wa miaka tisa ameimudu. Wa mitano namfunika macho kwenye mashetani.

Tatizo lilikuwa kumsimulia. Frieren ni nani kwa Kiswahili? Neno la Kiingereza wanalijua, langu sina. Tukampigia bibi. Kijana akaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili cha kuokoteza: ni mwanamke, ana miaka elfu, hazeeki, anakaa na watu, anajua uchawi. Bibi hakufikiri hata sekunde mbili. "Huyo ni jini, mjukuu wangu. Mwulize ametumwa na nani." Mtu wa Tanga, mtamfanya nini. Simu ile ilichukua dakika arobaini, na haikurudishwa kwangu.

Na kwa majirani zangu wa Birmingham, jambo hili huwa nalisimulia sana. Castle Vale ilijengwa miaka ya 1960 juu ya uwanja wa ndege wa zamani, ndiyo maana barabara zetu nyingi zina majina ya viwanja vya ndege. Yalikuwapo maghorofa marefu 34, yamebaki mawili. Kwenye mzunguko wa Chester Road ipo sanamu ya ndege tatu za Spitfire zikipaa kila moja upande wake, kwa kuwa kiwanda cha hapo jirani kilitengeneza zaidi ya 11,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sanamu hiyo, Sentinel, iliwekwa mwaka 2000, na aliyeitengeneza ni Tim Tolkien, ambaye mwandishi J. R. R. Tolkien alikuwa ndugu wa babu yake. Tolkien mwenyewe alikulia Sarehole, humu humu Birmingham, na vitabu vyake ndivyo vilivyoeneza duniani hao watu warefu wasiozeeka wenye masikio ya ncha, mpaka wakafika Japani na kurudi kwenye televisheni yangu. Kijana akipita pale na basi sasa husema ndege za ukoo wa Frieren.

Ya pili ni ya kwangu mimi kama muuguzi: The Apothecary Diaries. Msimu wa kwanza ulianza Oktoba 2023, wa pili ukatoka 2025, kila mmoja una sehemu 24. Maomao amelelewa na mtengeneza dawa katika mtaa wa madanguro, anatekwa na kuuzwa kuwa mtumishi katika jumba la mfalme, mahali panapofanana na China ya kale. Anapenda sumu kuliko dhahabu. Watoto wachanga wa wake za mfalme wanadhoofika na kufa, watu wanasema ni laana, na yeye anaangalia tu: nani anaugua, ana dalili gani, nani ndani ya nyumba ile ile haugui, na wanatofautiana kwa kitu gani. Jibu ni poda nyeupe ya kujipaka usoni. Nimefanya kazi na watu wenye vyeo vikubwa wasiojua kuchukua historia ya mgonjwa kama msichana huyu wa katuni.

Poda nyeupe za zamani za Asia Mashariki zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu. Nawaambia hili kwa sababu wapo dada zetu humu humu wanaoletewa mkorogo kwenye mabegi. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina zebaki. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki hiyo huharibu figo, na mtoto anayelala kifuani kwako na kushika taulo lako naye huipata. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013, unaitwa wa Minamata, jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa na kufa kwa kula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Kwa hiyo Wajapani wakitunga hadithi ya sumu iliyojificha kwenye kitu cha kila siku, wanajua wanachokisema.

Kuna pia sehemu katika msimu wa kwanza ambayo fumbo lake linahusu asali na mtoto mchanga. Sitasema zaidi nisiwaharibie. Lakini kina mama, hata kama bibi amesisitiza, hata kama ndiyo desturi ya kwenu: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulambishwa kwa kidole. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake ambao bado mchanga, na mtoto akalegea mpaka kushindwa kupumua. Hiyo si katuni, ndiyo NHS wanavyoelekeza.

Kwa sababu ya madanguro na mambo ya masuria, hii ni ya kuanzia miaka 13 hivi, na mzazi akae karibu.

Kama mna watoto wa rika mchanganyiko na mnataka kucheka, Spy x Family. Jasusi anahitaji familia ya bandia ili aingie shule ya wakubwa. Anamchukua mtoto yatima, Anya, na kufunga ndoa ya makubaliano na Yor, ambaye kumbe ni muuaji wa kukodiwa. Wazazi hawajuani. Anya anajua yote kwa kuwa anasoma mawazo ya watu, na anachotaka yeye ni karanga na wazazi wasiondoke. Ilianza Aprili 2022, msimu wa tatu ukatoka Oktoba 2025. Wazazi mnaowahenyesha watoto kwa mtihani wa kuingia shule za kuchagua, Birmingham hapa tunajijua, mtaona aibu kwenye usaili wa shule ya Eden. Mimi niliona. Nilifunga kitabu cha mazoezi cha mwanangu jioni ile, nikakifungua tena Jumatatu, ndiyo ukweli.

Sasa kosa langu. Usiku mmoja nilikuwa zamu, baba yao amesinzia kwenye kochi, na kijana pamoja na binamu yake wakafungua Dandadan kwa sababu picha yake ina rangi za kuvutia. Nimekuja kuitazama baadaye na nakubali ni kazi ya ajabu. Studio ya Science SARU wamechora kama watu wenye homa, na ule urafiki wa Momo na Okarun unagusa. Lakini ndani ya sehemu ya kwanza tu msichana wa shule anavuliwa nguo na viumbe wa anga wenye nia mbaya, na maneno machafu hayaishi. Kijana hakuniambia. Nilijua wiki mbili baadaye, kutokana na swali aliloniuliza tukiwa ndani ya basi. Tulishuka kituo kimoja kabla, tukatembea, tukaongea. Kuongea huko kulikuwa kwa lugha mbili, na sehemu ngumu zaidi zilikuwa kwa Kiswahili, jambo ambalo bado nalifikiria.

Kwa hiyo fanyeni nililochelewa kulifanya: Netflix kila mtoto awe na jina lake ndani ya akaunti, mmuwekee kikomo cha umri, na majina ya watu wazima myafunge kwa namba ya siri. Alama za umri za BBFC zipo, zisomeni. Msiamini rangi za picha, na msiamini neno katuni.

Tukiwa hapo hapo kwenye zamu za usiku, ipo ya Netflix ya mwaka 2022 iitwayo Kotaro Lives Alone, sehemu kumi. Mtoto wa miaka minne anahamia peke yake kwenye nyumba ya kupanga, anaongea kama mtawala wa zamani wa kwenye televisheni, anajipikia, anakwenda mwenyewe kuoga. Nilidhani ni vichekesho. Kisha unaelezwa kwa nini anajali sana karatasi laini za kujifutia, kwamba wakati mmoja alikuwa akizila kwa njaa, na unakaa kimya. Usiwawekee wadogo. Tazameni ninyi watu wazima, hasa tunaokaribia kusema "analala tu, nitarudi asubuhi." Sheria ya Uingereza haitaji umri wa kumwacha mtoto peke yake, lakini kumwacha katika hatari ni kosa, na usiku mzima kwa mtoto mdogo ni hatari. Najua bei ya mlezi. Najua pia jinsi wenzetu wanavyobadilishana zamu na kulaza watoto nyumba ya jirani, na ndivyo tulivyofanya sisi mpaka mume wangu alipopata kazi ya mchana.

Wanafunzi, yenu ni Skip and Loafer, ya Aprili 2023, sehemu 12. Mitsumi anatoka kijijini, rasi ya Noto, kwenda Tokyo kusoma sekondari. Amepanga maisha yake mpaka uzeeni, na siku ya kwanza anapotea kwenye treni, anachelewa, anasoma hotuba yake vizuri kabisa, halafu anamtapikia mwalimu. Hakuna mapigano, hakuna uchawi, ni mtu wa bara mjini tu, anajifunza nani anamcheka na nani anacheka naye. Anakaa kwa shangazi yake, ambaye alizaliwa mwanamume. Nataja ili mzazi ajue mapema. Mimi nilimpenda yule shangazi. Ndiye anayempokea mtoto wa watu stesheni, na kila mmoja wetu alihitaji mtu wa kumpokea. Noto yenyewe ilipigwa na tetemeko kubwa Januari 1, 2024, na ukiitazama sasa zile simu za Mitsumi nyumbani zinauma zaidi.

Nyingine kwa haraka. Delicious in Dungeon ya 2024 ni ya wapishi: watu wanapika mazimwi mapangoni, na mapishi yake yanaeleweka kiasi kwamba binti alidai supu ya uyoga. Medalist ya 2025 inahusu mtoto wa miaka 11 anayeambiwa amechelewa kuanza kuteleza kwenye barafu. Gharama yake kwetu ilikuwa tiketi tatu za uwanja wa Solihull na goti langu. Orb, iliyoishia Machi 2025, ni ya walio chuo, juu ya watu waliouawa kwa kusema dunia inalizunguka jua. Ina mateso ya kutisha, wenye moyo mwepesi mpite mbali.

Na ya kwetu? Kizazi Moto ipo Disney+ tangu Julai 2023, filamu fupi kumi za Waafrika, mojawapo Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii na nyingine Herderboy ya Mganda Raymond Malinga. Zimechorwa vizuri mno. Jina la Kiswahili, lakini mazungumzo kwa sehemu kubwa Kiingereza, na hilo sijalisamehe. Kwa wadogo wanaohitaji Kiswahili kitupu, Ubongo Kids wa Dar es Salaam wako kazini tangu 2014 na hawajanitupa.

Mwanafunzi asiye na hela: kama unatazama anime zilizorekodiwa tu, bila matangazo ya moja kwa moja na bila BBC iPlayer, huhitaji leseni ya televisheni. Barua zao zikija, waambie hivyo, usitetemeke.

Kwetu Jumapili saa tisa ni simu ya Tanga. Kijana ndiye anayepiga. Anasimulia sehemu ya wiki hiyo, bibi anakatiza kwa maswali, na mimi naosha vyombo. Wiki iliyopita bibi alianza yeye, kabla hata ya kupokea shikamoo: "Enhe, yule jini wenu kafika alikokuwa anakwenda?" Kijana akamwambia bado, bibi, kuna theluji njiani. Kisha ikabidi amweleze theluji.